Masalio ya Bi Mkubwa

Mudira, ndiye mkuu wa nyumba yetu, alipoamuru masinia yote yafungiwe stoo, mimi nilimuunga mkono. Naliandika hilo mwanzo ili mtu asije akadhani nilikuwa mjuzi tangu siku ya kwanza. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia Maskati, wazee ndio waliokuwa wakiondoka haraka, na nyumba yetu ilijaa wazee watupu. Ilikuwa villa ya ghorofa mbili huko Ansab, iliyogeuzwa kuwa nyumba ya kuwatunza watu wazima ambao watoto wao hawakuweza kuwatunza, au waliweza wakachoka, sipendi kuhukumu. Mimi nilikuwa mhudumu wa kina mama wa chini. Kusoma kwangu ni madarasa saba ya Unguja, na hilo la saba nililimaliza kwa kubahatisha. Kwa hiyo mtu mwenye shahada akiniambia kwamba watu wanne wakila sinia moja wanalishana mate, mimi nasema ndiyo, nachukua ufunguo wa stoo.

Kilichonichosha ni namna amri zilivyokuwa zikigeuka. Leo glavu ni lazima. Kesho glavu zinabeba vijidudu, tunawe mikono tu. Keshokutwa glavu zimerudi, na mimi nimeshazitupa. Viti vya sebuleni vilitenganishwa, halafu vikaondolewa kabisa, halafu mzee mmoja akaja na fimbo yake akasimama pale mahali pa kiti chake kama anayesubiri basi. Jamaa wa wazee nao walitutumia sauti kwenye simu mchana kutwa: mpe habasoda, mchemshie tangawizi, mfukize ubani. Nilifukiza ubani kumridhisha binti mmoja aliyekuwa akilia. Moshi ukawakohoza kina mama watatu, na mtu akikohoa ilibidi apimwe na afungiwe chumbani mpaka majibu yaje. Mudira akanigombeza mbele ya watu. Nilikasirika, lakini haki ilikuwa yake.

Chumba cha mwisho karibu na jiko walikaa wake wenza wawili. Nyumba nzima tuliwaita Bi Mkubwa na Bi Mdogo, kwa mpangilio wa ndoa, maana kwa umri walikuwa wamekaribiana. Mume wao alikuwa ameshafariki zamani. Mtoto wa kiume ni wa Bi Mdogo, lakini wamemlea wote wawili, na siku aliyowaleta kutoka Bawshar walibishana tangu kwenye ngazi nani ashike mkono wake wa kulia. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akasimama katikati hajui amtazame nani.

Hawakuacha. Wakigombania hata baridi ya chumbani.

"Zima hiyo AC, mifupa inanitetema," anasema Bi Mdogo.

"Mifupa yako ilianza kutetema kabla umeme haujafika Unguja," anajibu Bi Mkubwa, na anaiacha.

Na wakati wa chakula cha mchana wanakaa chini, wanakula sinia moja, kimya. Ndiyo nafasi pekee niliyokuwa nikipata ya kufagia korido bila kuitwa shahidi wa kesi.

Sasa, Bi Mkubwa alikuwa mgonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki gari lilimpeleka hospitali kusafishwa damu. Mudira akatoa amri nyingine: anayetoka nje asilale wala asile na asiyetoka. Hata leo sioni namna ya kuilaumu amri hiyo. Mtu anaingia hospitali, anakaa saa nyingi katikati ya wagonjwa, anarudi kupumua usoni kwa mwenzake, nani angekubali? Tukamhamisha Bi Mkubwa chumba cha mkabala, korido katikati. Bi Mdogo alipoambiwa alisema, "Alhamdulillahi, nitalala."

Akalala kweli. Ila akaacha kula.

Mwanzo sikuona. Chai alikunywa, uji alikunywa, mkate alimega. Sahani ya mchana ndiyo iliyorudi kama ilivyokwenda, wali umekauka juu, samaki hajaguswa. Nikadhani joto. Halafu nikaona bangili yake. Alikuwa na bangili moja ya dhahabu, ya kubana, ambayo zamani ilikaa kwenye kifundo cha mkono haigeuki. Nikamuona anainua mkono kujifunika mtandio, bangili ikateremka mpaka kwenye kiwiko.

Mudira alimpigia daktari kwa simu ya picha. Daktari akamtazama Bi Mdogo kwenye kioo, Bi Mdogo akatazama ukutani. Baadaye mudira aliniita ofisini.

"Akipungua tena kidogo tu, namtoa," alisema. "Anakwenda kulazwa, atiwe maji. Na unajua hali ilivyo kule. Hakuna anayeruhusiwa kukaa naye. Mwanawe hataruhusiwa hata mlangoni."

Nilijua. Mzee mmoja wa ghorofa ya juu tulishampeleka hospitali namna hiyo kwa jambo dogo. Alirudi akiwa hamjui mtu.

"Nipe siku kidogo," nikasema.

"Mimi sina siku za kugawa, mama," akasema, na nilimuona macho mekundu. Naye alikuwa halali. Nilitaka kumchukia lakini nilishindwa.

Basi nikahangaika. Nilikaa kitandani kwa Bi Mdogo na kijiko.

"Bibi, fumbua kinywa, tonge moja tu."

"Miye mtoto? Nna meno yangu na nna mkono wangu."

Jikoni wakapika kuku. Akamsukuma. Nikaomba nguru, wamtoe miba yote, wamchambue kabisa. Nikamwekea, nikamwambia, "Bibi, huyu hana mwiba hata mmoja."

Akagusa ukingo wa sahani kwa kidole. "Nani katoa miba?"

"Jikoni."

"Jikoni ndiyo nani?"

Akairudisha sahani.

Mwenzangu wa zamu alikuwa binti wa Kiganda, Mkristo, mchangamfu, mwenye Kiswahili cha huko kwao kilichochanganyika na Kiarabu cha kazini. Wazee walimpenda kwa sababu aliwachekesha. Nikamlalamikia.

"Mama, huyu ana stress," akasema. "Anamkosa mwenzake."

"Anamkosa? Juzi aliniambia mwenzake akifa yeye aitwe wa mwisho, asije akasumbuliwa usingizi."

"Basi mwenzake hamkosi yeye, anakosa chakula chake. Umeona kila siku anavyokuambia?"

Hapo alikuwa na neno. Maana kila nilipopita koridoni na sahani ya Bi Mdogo, Bi Mkubwa alikuwa ameshasimama mlangoni kwake na kile kigari chake cha kutembelea, barakoa imeshuka kidevuni.

"Leta hapa hiyo sahani."

"Hii ya mwenzako, Bibi. Yako inakuja."

"Nnajua ya nani. Leta."

"Bibi, pandisha barakoa."

"Wewe mkaidi. Leta sahani!"

Yeye kwa figo zake alikuwa anapimiwa chakula, chumvi kidogo, samaki kipande. Tukasema ana njaa, anataka cha mwenzake. Binti wa Kiganda akacheka, "Khalas, amemaliza mume, sasa anataka na samaki." Mudira naye, nilipomwambia, alisema ni wivu tu, tumzoee. Tuliafikiana wote watatu bila shida. Wake wenza, tuliona hakuna haja ya kufikiri zaidi ya hapo. Na kwa haki, wao wenyewe walikuwa wametupa kila sababu.

Siku moja, baada ya mazungumzo yale ya ofisini, nilikuwa nimechoka kwelikweli. Nilikuwa nimeoga kwa dawa mpaka ngozi inapasuka. Nikatoka jikoni na sahani, na Bi Mkubwa akasukuma kigari chake akaniziba njia katikati ya korido.

"Bibi, nipishe, wallahi leo sina nguvu."

"Unataka afe?"

"Nani?"

"Yule mke wa mume wangu."

Akatazama mlango wa mwenzake, akanivuta kwa mkono wa gauni mpaka chumbani kwake, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni, mwana we! Jicho moja limekufa, la pili linaona vivuli. Kwenye sinia nnamtolea miba miye. Nnatoa, nnamsogezea upande wake, anakula. Hajaniomba na sijamwambia. Mwiba ulishamkaba koo zamani, nusura tumzike. Hali kitu asichokijua kimepita mkono gani."

Nilibaki na sahani mkononi. Nikazikumbuka siku zote nilizowatazama wakila nikifurahia ukimya wao.

"Kwa nini hukusema?"

"Mwanawe akijua atampeleka kukatwa jicho. Yeye ana khofu na kisu. Kaniapisha nisiseme."

Hapo hasira zikanipanda. Najua si adabu, lakini zilinipanda. "Bibi, mtu anakufa kwa njaa na wewe umekaa na kiapo?"

"Ndiyo nikakwambia leta sahani! Si nnakwambia kila siku? Leta sahani, leta sahani. Ningesema nini zaidi bila ya kusema?"

Nikakaa kitandani kwake, kitu ambacho hakiruhusiwi.

Tukafanya alivyotaka. Alinawa mikono mpaka viwikoni, sabuni mara mbili, mimi nasimama nikitazama. Nikampa glavu, akazivaa, akagusa samaki, akazivua. "Mwiba haujulikani kwa mpira," akasema. Akanawa tena. Barakoa nilimfunga mwenyewe, nyuma, fundo. Akakaa kwenye meza ndogo, akamchambua yule samaki kwa ncha za vidole, polepole, akiubonyeza kila unofu kabla ya kuuweka upande wa kulia wa wali. Kisha akakamua ndimu.

"Sasa mwambie nimeshiba, haya masalio."

"Masalio! Bibi, atatukana."

"Atukane. Mdomo ukifunguka kwa kutukana, chakula nacho kitapata pa kuingia."

"Nitamwambia ukweli kwamba umemtolea miba."

"Ukimwambia hivyo hatokula mpaka Kiyama. Wewe hujaelewa kitu." Na huenda ni kweli. Kwenye sinia hakuna anayelishwa. Vipande vinafika upande wako tu, na wewe unakula chakula chako. Sahani yako peke yako ndiyo inayokuumbua.

Nikavuka korido. "Bibi, mwenzako ameshiba, kakuletea masalio."

Akaniinulia kichwa. "Masalio yake yeye?"

"Ndiyo."

"Kala upande gani?"

"Kushoto," nikasema, uongo mtupu.

"Weka."

Akapeleka mkono moja kwa moja upande wa kulia. Akala. Akala mpaka nikaona chini ya sahani, mimi nimesimama mlangoni nikiogopa kupumua. Akajifuta, akasema, "Mwambie anakamua ndimu kama anaosha bakuli."

Nikavuka korido nikamwambia. Bi Mkubwa akasema, "Mwambie asiyetaka ndimu akakae kwa mamake." Nikavuka tena. Kwa umri wangu ule, na miguu ile, nikawa mtu wa kupeleka matusi mlango kwa mlango, na yeyote niliyemchelewesha alinilaumu mimi.

Nisijifiche: sikuwa na amani. Vidole vile vilikuwa vinakwenda hospitali. Siku alizotoka nilikataa kabisa, nikaficha sahani chini ya kitambaa nikipita, naye akanitukana, na Bi Mdogo siku hizo alibaki na uji wake. Siku nyingine nilimnawisha kama ninavyonawisha maiti, kila kidole. Lakini mimi ni nani wa kujua kwamba inatosha? Mtu aliyesoma ndiye aliyeweka amri, na mimi nilikuwa naivunja kwa kubahatisha, kwa afya ya mtu mwingine. Usiku niliwaza, ikiwa Bi Mdogo ataugua, nitakuwa nimemuua mimi kwa samaki. Asubuhi nikimuona amekaa wima, nilifikiri, na asipokula nitakuwa nimemuua kwa utii. Kumwambia mudira nilitaka. Kila siku nilisema kesho.

Kesho yenyewe ilinikuta mlangoni kwa Bi Mdogo, sahani mkononi, nikisema kwa sauti yangu kubwa, "Bibi, haya masalio yameletwa."

"Masalio ya nani?"

Mudira alikuwa nyuma yangu, kwenye buibui lake, na ile ngao ya plastiki usoni.

"Nakuuliza, masalio ya nani?"

"Ya mkewe mume wangu," akajibu Bi Mdogo kutoka ndani, bila wasiwasi. "Weka, wali usipoe."

Sijawahi kumuona mudira vile. Hakupiga kelele, sauti ilimtetemeka. "Mgonjwa anayekwenda hospitali mara tatu kwa wiki, na wewe unamlisha mwenzake masalio yake? Tumefunga geti. Mwanawe anakuja kumpungia mkono akiwa ndani ya gari. Nimewakatalia watu kuwaona mama zao. Na wewe unachukua mate ya mtu..."

Alikuwa na haki kwa kila neno. Na mimi nisingeweza kujibu pale, kwa sababu mlango ulikuwa wazi, na jibu langu lingefika kitandani kwa Bi Mdogo.

"Twende jikoni," nikasema.

"Sema hapahapa."

Nikainamia sahani kama mwizi. Ndipo upande wa pili kigari kikagonga mlango.

"Mudira," akaita Bi Mkubwa, "njoo wewe huku, nnataka nikutukane kidogo."

Kwa heshima ya umri, akaenda. Nikamfuata. Bi Mkubwa akafunga mlango, akasema yote, mafupi, akiwa ameupa mgongo ule ukuta wa mwenzake. Alipomaliza akasema, "Kiapo nimekivunja mara mbili sasa. Allah atanisamehe, yule hatonisamehe."

Mudira alivua ngao ya usoni. "Nina mtu haoni ndani ya nyumba yangu," akasema, "na mimi nampangia sahani." Alisema kwa Kiarabu, kisha akarudia kwa Kiswahili, sijui kwa ajili ya nani. Nilidhani atanifukuza kazi. Badala yake akaanza kuuliza: ananawa wapi, ananawa vipi, glavu kavua kwa nini. Akabishana na Bi Mkubwa kuhusu barakoa, akashinda. Akabishana naye kuhusu ndimu, akashindwa.

Amri ya mwisho ilikuwa hii: meza ikae dirishani, dirisha wazi, joto au si joto. Bi Mkubwa apimwe kila wiki. Siku ya hospitali hakuna kugusa sahani ya mtu, akitukana atukane. Na Bi Mdogo ataulizwa yeye mwenyewe habari ya jicho lake, kwa siri, kabla ya mtoto kuambiwa neno. Hilo la mwisho sikulitarajia. Mimi nilikuwa tayari kumsihi asimwambie mwana, na nilikuwa nimekosea pia, maana mtu asiyeona anaweza kuanguka bafuni, na huenda jicho linatibika. Mudira alikuwa amefikiri mbali kuliko mimi na Bi Mkubwa pamoja. Safari ya kumlaza Bi Mdogo hospitali akaiahirisha.

"Ila neno masalio," akasema, "silitaki kulisikia kwenye nyumba hii. Wakisikia jamaa za wengine tumekwisha."

"Bila hilo hali," akasema Bi Mkubwa.

"Atakula."

"Haya. Mpelekee wewe."

Siku ya pili mudira akaichukua sahani mkononi mwangu. Nilisimama koridoni na yule binti wa Kiganda, ambaye alijifanya anapangusa ukuta uliokuwa safi.

"Bibi," tukamsikia mudira akisema, "chakula chako hiki. Samaki hana miba."

Ukingo wa sahani ukasikika ukisukumwa mezani.

Halafu mudira, taratibu, kama mtu anayemeza kidonge:

"Mwenzako ameshiba. Masalio haya."

"Na wewe mudira mzima unabeba masalio ya watu?"

"Ndiyo kazi yangu, Bibi."

"Pole. Weka."

Binti wa Kiganda alijifunika uso kwa kitambaa cha kupangusia. Mudira alikaa mle ndani mpaka sahani ikaisha. Alipotoka, sahani ilikuwa tupu, na yeye ana jasho juu ya mdomo, barakoa imelowa.

"Anasema ndimu imezidi," akaniambia. "Nimwambie nani?"

Nikamuonyesha mlango wa mkabala. Akasimama kidogo, akashusha pumzi, akavuka korido.